Kompyuta Kuukuu ya Buraza Yarudishwa Zamu

Huko Buraza, kusini mwa mji wa Gitega, kuna chumba kimoja cha bati ambamo askari wastaafu na wajane wa askari hukutana siku ya Jumamosi, baada ya kazi za maendeleo kumalizika. Hapo huweka akiba zao, hukopeshana fedha za mbegu na za shule, na kila faranga iingiayo au itokayo huandikwa. Mwezi wa Machi mwaka 2024 tulifika hapo kwa shughuli nyingine kabisa, nayo ilikuwa kupiga picha na kuandika habari za wastaafu hao. Picha hazikupigwa siku ile. Tuliwakuta wanachama wakibishana juu ya kompyuta.

Mashine yenyewe ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono, kama redio za wazee wetu zilivyokuwa zikifunikwa. Ilitoka Muyinga, upande ule ambako malori ya Dar es Salaam huingilia kwa mpaka wa Kobero, ikiwa zawadi ya mfanyabiashara mmoja aliyejinunulia nyingine. Ikasafiri hadi Gitega juu ya magunia ya maharage. Ilikuwa ya aina ya Pentium 4, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 na diski ya gigabaiti 40. Iliendeshwa na Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, ambao watengenezaji wake waliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Mweka hazina, mama mjane wa sajini, alitueleza utaratibu wake wa kila Jumamosi: huiwasha mashine kwanza, kisha hufagia chumba, huenda kuteka maji, hurudi na kuketi, na bado huikuta haijawa tayari.

Ubishi ulikuwa huu. Wengine walitaka chama kinunue kompyuta nyingine, ijapokuwa bei yake ingemeza fedha zote zilizotengwa kwa mikopo ya msimu wa kupanda. Wengine walitaka mashine itupwe na chama kirudi kwenye madaftari. Lakini daftari la mwisho lilikuwa limelowa kwa mvua iliyopenya batini, kurasa zake zimeshikana na wino umekuwa doa moja la buluu. Hesabu za miaka mitatu zilibaki ndani ya mashine ile tu. Hapakuwa na nakala nyingine popote.

"Mwanangu," mama yule alituuliza, "ninyi wa jeshi mna mafundi. Hii imekufa, au imechoka?"

Tulimjibu kwamba hatujui, na kwamba tungependa kuikagua kabla ya kuisema. Katika shule ya makadeti tulizoeshwa kuifungua bunduki iliyokwama na kuitazama ndani kabla ya kumwendea mtunza ghala kuomba nyingine. Mara nyingi ndani mlikuwa na mchanga. Kompyuta ya Buraza nayo tulipoifungua ilikuwa na vumbi jekundu lililoganda juu ya feni kama udongo wa kichuguu. Tulilitoa kwa brashi ya rangi, na tangu saa ile mashine iliacha tabia yake ya kuzimika yenyewe kwa joto. Ulegevu wake, hata hivyo, ulikuwa pale pale.

Yafaa ieleweke kwanza ulegevu huo hutoka wapi. Watu wengi huchanganya kumbukumbu ya kompyuta na diski yake. Diski ni ghala: vitu hukaa humo hata umeme ukikatika. Kumbukumbu ni meza ya karani, na kila kazi sharti iletwe mezani ndipo ifanyike. Meza ikiwa ndogo na kazi zikiwa nyingi, karani hana budi kurudisha jalada moja ghalani kila anapotaka kufungua jingine, na ghala liko mbali. Ule mkwaruzo unaosikika ndani ya kompyuta kuukuu, huku taa nyekundu ikiwaka bila kuzima, ndio mwendo wa karani huyo akikimbia huku na huko. Katika mashine ya Buraza, mfumo wenyewe na programu kadhaa ambazo hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeziweka vilijaza nusu ya meza kabla mama hajafungua hata hesabu moja. Kumkemea karani hakungesaidia kitu. Ilibidi apewe kazi chache zaidi au meza kubwa zaidi.

Meza kubwa tuliijaribu. Koplo tuliyefuatana naye, kijana hodari wa mambo ya simu, alipata kwa fundi mmoja mjini Gitega kipande kingine cha kumbukumbu kilichotolewa katika mashine mfu. Kipande kilikuwa cha aina inayofaa, yaani DDR ya kwanza. Maana DDR2 haiingii katika tundu la DDR, hata ikisukumwa, na asiyejua hilo huvunja tundu. Kiliingia vizuri. Kisha tukaendesha programu ya kupima kumbukumbu, na baada ya robo saa skrini ikajaa mistari myekundu ya makosa. Tulikitoa. Kumbukumbu mbovu ni hatari kupita kumbukumbu ndogo, kwa kuwa huharibu hesabu bila kupiga kelele. Tukabaki na megabaiti zetu 512 na njia moja tu: kubadilisha mfumo.

Mfumo tuliouchagua ni Linux. Asili yake ni kwamba mwaka 1991 kijana mmoja wa Kifini, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kiini cha mfumo alichokuwa akikiandika kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe yenye prosesa ya aina ya 386. Kiini hicho kiliungana na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983, na masharti yake yakawa mepesi: kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Toka hapo watu wa nchi nyingi wametengeneza aina zao, kila mmoja kwa haja yake.

Aina moja ina jina ambalo Mrundi hana haja ya kufafanuliwa. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa toleo la kwanza la Ubuntu. Wageni huandika kurasa nyingi wakieleza maana ya neno hilo. Kwetu mtoto anajua kwamba ubuntu ni utu na ukarimu, na kwamba kitu kilichotolewa ku buntu hakilipiwi. Tulipomtajia mama mweka hazina jina hilo alicheka, akauliza kama basi hata fundi hulipwa ku buntu.

Wasomaji wetu wa jeshi na polisi watapenda kujua kwamba Jandarmeri ya Ufaransa, ambayo ni jeshi na polisi kwa wakati mmoja, ilianza mwaka 2005 kuacha programu za ofisi za kulipia na kutumia OpenOffice, na mwaka 2008 ikaanza kuhamishia kompyuta zake kwenye Ubuntu, ikauita mfumo wake GendBuntu. Kufikia mwaka 2018 kompyuta zaidi ya 70,000 za vituo vyake zilikuwa zikitumia mfumo huo. Lugha yetu nayo haikuachwa nyuma: katika miaka ya 2004 na 2005 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi onyo la makosa.

Pamoja na sifa hizo, Ubuntu haukuifaa mashine ya Buraza. Meza yake ya kazi huomba kumbukumbu ya gigabaiti kadhaa, na matoleo yaliyotoka tangu Oktoba 2019 hayasimikwi tena katika kompyuta za biti 32. Hapa ndipo wengi hukosea. Husikia kwamba Linux ni nyepesi, huchukua aina yoyote waliyoisikia redioni, na ikiwashinda huilaumu Linux yote. Uzito hutofautiana. Ipo Tiny Core, inayoweza kuamka katika megabaiti chini ya 50, lakini humtaka mtumiaji ajijengee karibu kila kitu mwenyewe. Ipo Puppy, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ambayo hujipakia yote katika kumbukumbu na kukimbia kwa wepesi wa kushangaza; tunaipenda sana kwa uokoaji. Sisi tulichagua antiX, toleo la 23, lililosimama juu ya Debian 12 ya mwaka 2023, kwa sababu bado lilikuwa na toleo la biti 32 na kwa sababu watengenezaji wake husema litaiendesha hata Pentium III ya megabaiti 256, mradi itengewe akiba katika diski.

Tulirudi Buraza Jumamosi iliyofuata tukiwa na DVD iliyochomwa Gitega. Faili tuliipakua usiku, na kabla ya kuichoma tulilinganisha alama yake ya uhakiki, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na ile iliyotangazwa na watengenezaji. Faili iliyokatika njiani husimika mfumo nusu, na nusu ya mfumo ni hasara kamili. Tulitumia DVD badala ya flashi kwa sababu mashine za umri ule nyingi hazikubali kuamkia kwenye flashi.

Mfumo huu una wema mmoja mkubwa: waweza kuendeshwa kutoka kwenye DVD bila kuigusa diski. Mtu huona kama skrini inaonekana, kibodi inaandika na kipanya kinatembea, kabla ya kuamua lolote. Tuliuwasha hivyo. Ulifunguka, tukafurahi, na katika furaha hiyo tukafanya kosa ambalo hatuna budi kulikiri.

Tulikuwa tumepanga kunakili hesabu za chama kwanza. Koplo alidhani tumezinakili sisi alipokuwa nje akifunga waya wa umeme. Sisi tulidhani amezinakili yeye. Alifungua programu ya usimikaji, akafika pale inapouliza kama itumie diski nzima, akasema, "Afande, niendelee?" Nasi, tukiwa tunazungumza na mzee mmoja mlangoni, tukajibu "Endelea" bila kugeuza shingo. Alibonyeza. Mashine, kwa ule uchovu wake uliotuudhi wiki nzima, ikakaa kimya kabla ya kuleta swali la mwisho la kuthibitisha. Katika kimya hicho mama mweka hazina akauliza kwa upole, "Na vitabu vyangu vimekwisha hamia wapi?"

Koplo alituangalia. Nasi tulimwangalia koplo. Swali la mwisho lilikuwa limekwisha fika kwenye skrini, likisubiri neno moja tu.

Tulifunga kila kitu. Tulifungua diski ya zamani kwa kusoma tu, tukayakuta majalada ya hesabu katika folda iliyoandikwa jina la mfanyabiashara wa Muyinga, tukayanakili katika flashi mbili. Moja ilikabidhiwa kwa mama, ambaye aliifunga katika pembe ya kanga yake. Ya pili ilikwenda kwa mwenyekiti. Kisha tulifungua kila jalada kutoka kwenye flashi, mbele ya wote, kuhakikisha kwamba kilichonakiliwa kinasomeka. Ndipo tukasema "Endelea" kwa mara ya pili, safari hii tukiwa tumeketi.

Usimikaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Tulitenga gigabaiti 1 ya diski kuwa akiba ya kumbukumbu, ili karani wetu apate rafu ya karibu siku meza itakapomwelemea. Sehemu iliyobaki ikawa ya mfumo na ya majalada. Kazi ilichukua chini ya saa moja. Tuliwasha, tukaandika neno la siri, mashine ikalikataa. Tuliandika tena polepole, ikakataa. Wanachama wakaanza kunong'onezana. Sababu ilikuwa kibodi: kwetu hutumika kibodi za Kifaransa, lakini wakati wa kuweka neno la siri mfumo ulikuwa bado unahesabu herufi kwa mpangilio wa Kimarekani. Mwenye kubonyeza A kwenye kibodi yetu alikuwa ameandika Q bila kujua, na Z ikawa W. Tuliandika neno lile lile kwa kufuata mpangilio wa Kimarekani, mlango ukafunguka, tukarekebisha lugha ya kibodi mara moja. Anayetaka kujiepusha na aibu hiyo na achague kibodi ya Kifaransa katika menyu ya kwanza kabisa, DVD inapoamka.

Kizuizi kingine kilitoka mahali pasipotarajiwa. Tuliunganisha simu kwa waya ili tupakue programu mbili nyepesi, Gnumeric kwa hesabu na AbiWord kwa barua, maana LibreOffice yaweza kufunguka katika mashine kama ile lakini humaliza subira ya mtu. Mfumo ulikataa kupakua, ukidai kwamba orodha za programu hazijaanza kutumika. Tulitazama saa ya kompyuta: ilisema ni Januari 2003. Betri ndogo ya mviringo iliyo ndani, ya aina ya CR2032, ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika mashine ilirudi utotoni. Kwa mashine iliyoamini kwamba ni mwaka 2003, vyeti vyote vya usalama vya mwaka 2024 vilikuwa vya siku zijazo. Betri kama hiyo huuzwa pamoja na saa za mkono. Kijana mmoja alitumwa dukani, na tatizo likaisha.

Matokeo yalikuwa haya. Tangu kubonyeza kitufe hadi meza ya kazi kufunguka zilipita kama dakika moja na nusu. Baada ya kufunguka, mfumo ulitumia megabaiti 150 hivi. Zaidi ya 300 zilibaki huru kwa kazi ya mama. Mkwaruzo wa diski ulinyamaza. Mzee mmoja aliinama akaweka sikio, akadhani imezimika.

Lakini tusiwadanganye wasomaji. Kompyuta ile haikuwa mpya. Kitu kizito katika kompyuta za siku hizi ni kivinjari, na hakuna mfumo unaoweza kukipunguza sana: ukurasa mmoja wa habari wenye picha na video waweza kudai kumbukumbu kuliko Linux yote iliyouleta. Tulifungua ukurasa mmoja kwa majaribio. Karani akaanza mbio zake za zamani, tukaufunga. Tuliwaambia wanachama wazi kwamba mashine hii ni ya hesabu, barua na kuchapisha, na kwamba anayetaka intaneti atumie simu yake. Vile vile, njia hii ina mwisho. Debian 13, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025, haina tena usimikaji wa mashine za biti 32, na huduma ya muda mrefu ya Debian 12 imepangwa kufikia Juni 2028. Chama kimepata miaka kadhaa ya kukusanya fedha bila kuchota katika mikopo ya mbegu.

Neno kwa wenzetu walio kambini na vituoni. Mashine ya chama ni ya chama, na wanachama walituruhusu. Mashine ya serikali haibadilishwi mfumo kwa ushujaa wa askari mmoja, hata awe fundi namna gani. Hilo huombewa kibali kwa mkuu wa kikosi. Na kompyuta iliyokamatwa kama kielelezo cha kesi haiwashwi kabisa na asiyehusika, kwa sababu kule kuiwasha tu hubadilisha tarehe na majalada ndani yake, na wakili hodari atayaona hayo mahakamani.

Zilibaki hesabu. Tulifungua jalada la chama katika Gnumeric, safu zikajipanga, jumla ikatokea chini. Sisi tulidhani kazi imekwisha. Mama mweka hazina hakudhani hivyo. Alitoa chini ya meza kopo la maziwa ya unga, akalifungua, na ndani mlikuwa na stakabadhi za benki za miaka mitatu, zimekunjwa mara nne nne. Hakuwa amemwambia mtu kwamba anazo. Alizikunjua moja moja, akasoma tarehe na kiasi kwa sauti, na koplo akafuata kwa kidole kwenye skrini. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko usimikaji wote. Jua lilikuwa limeanza kushuka ilipofika stakabadhi ya mwisho, na kiasi chake kilikuwa kile kile kilichokuwa kwenye skrini.

Alizikunja tena, akazirudisha katika kopo, akalifunika. Kisha akauliza mashine huzimwaje siku hizi, akaonyeshwa, akaizima mwenyewe, akaifunika kitambaa chake. Nje wanachama walikuwa wamekwisha jipanga ukutani, wazee mbele na kina mama nyuma, wakitungoja na kamera.